Mistari juu ya zulia la msikiti: uchambuzi wa kisa cha nozeli mbili zisizolingana

Kisa hiki kinahusu zulia la msikiti mmoja wa mtaani mjini Mombasa, ambalo lilisafishwa usiku kwa mashine ya kunyunyiza maji ya moto na kuyafyonza, na ambalo lilipokauka lilionekana kuwa na mistari mirefu, mwembamba kwa mpana, iliyofuata mwendo wa mkono wa mashine kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kamati ya msikiti iliamini kwamba sabuni ilikuwa mbovu. Vijana waliofanya kazi hiyo waliamini kwamba pampu imechoka, kwa hiyo walirudi usiku mwingine, wakaongeza presha na kulipitia zulia upya, na mistari ikazidi. Nilipoitwa kuangalia, niliomba kwanza nioneshwe nozeli, yaani vile vipande vidogo vyenye tundu jembamba vinavyotoa maji mbele ya mdomo wa kufyonza. Nimeamua kukieleza kisa kwa urefu kwa sababu katika kazi hii ya mazulia watu hujadili sana nguvu za pampu, aina za sabuni na ukubwa wa mota ya kufyonza, ilhali sehemu inayoamua maji yatue wapi, kwa wingi gani na yakiwa na joto kiasi gani haitazamwi mpaka izibe kabisa.

Zulia lenyewe ni la polipropilini, limefumwa kiwandani likiwa na alama za safu za swala, na limetandikwa ukuta hadi ukuta juu ya sakafu ya saruji. Nyuzi za polipropilini karibu hazinyonyi maji hata kidogo, jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dhamana ya kukauka haraka. Lakini maji ambayo uzi umeyakataa hayapotei, bali hushuka katikati ya nyuzi na kukaa kwenye mgongo wa zulia, mahali ambapo hewa haifiki kwa urahisi. Nyuzi hizo hizo, kwa upande mwingine, hupenda mafuta. Kwenye zulia la msikiti mafuta hayakosekani: yapo ya nyayo, ya vipaji vya nyuso vinavyosujudu, na ya nywele na manukato. Tena watu huingia wakitoka kutawadha, miguu ikiwa na unyevu, na vumbi hushika vizuri zaidi pale penye unyevu na mafuta, kwa hiyo ukanda ulio karibu na mlango wa pahala pa udhu huwa mchafu kuliko sehemu nyingine zote za jengo.

Kazi ilifanyika mwezi wa Shaaban, kama ilivyo desturi ya misikiti mingi ya pwani kujiandaa kwa Ramadhani, na mwaka huo Shaaban iliangukia katika masika. Hali hii ina uzito katika uchambuzi. Msikiti hauna siku ya kufungwa: zulia linaweza kuloweshwa baada ya Isha tu, na watu wanalihitaji Alfajiri. Katika hewa nzito ya masika, ambapo hata nguo iliyoanikwa ndani hukesha ikiwa na unyevu, kila nusu lita ya ziada inayoachwa ndani ya zulia huonekana asubuhi chini ya miguu na magoti ya wanaoswali. Waumini walisema kwamba sehemu fulani zilikuwa kavu na nyingine, hatua moja pembeni, zilikuwa zinalowesha kanzu. Kauli hiyo ilinisaidia kuliko geji ya mashine. Kama mota ya kufyonza ingekuwa dhaifu, zulia lote lingechelewa kukauka. Unyevu uliopishana kwa vipande ulionesha kwamba maji hayakugawanywa sawa tangu mwanzo.

Mashine iliyotumika ni ya kubebeka, yenye tangi, hita, mota za kufyonza na pampu inayorekebishwa, ambayo usiku wa kwanza iliwekwa kwenye pauni 200 kwa inchi ya mraba. Mkono wake ni bomba la chuma lililopinda, lenye mdomo wa upana wa sentimita 30 upande wa chini. Mbele ya mdomo huo zipo nozeli mbili, zimeachana kwa sentimita 15, na kila moja iko sentimita 7 hivi juu ya zulia. Fundi akibonyeza kishikizo, kila nozeli hutoa pazia bapa la maji linalofunguka kama pembetatu. Maji hupiga nyuzi, huchanganyika na uchafu uliokwisha kulainishwa na dawa ya kutangulia, na papo hapo mwanya wa kufyonza huyapitia na kuyarudisha kwenye tangi la maji machafu. Kati ya maji kugusa zulia na kufyonzwa hupita muda mfupi mno, chini ya sekunde moja. Kosa la mgawanyo likitokea, hakuna nafasi ya maji kusambaa yenyewe na kulifuta kosa hilo.

Kabla ya kuzigusa nozeli ilibidi kuondoa maelezo mengine yanayowezekana. Mistari juu ya zulia inaweza kuwa ya manyoya yaliyolala upande tofauti, na hiyo hubadilika rangi ukiichana kwa brashi kuelekea upande wa pili; hapa ilichanwa na ikabaki vile vile. Inaweza kutokana na mwanya wa kufyonza uliozibwa sehemu na nywele au uzi, lakini mwanya ulikuwa safi na ukingo wake ulikuwa umenyooka. Inaweza pia kuwa ni fundi aliyeacha nafasi kati ya mpito mmoja na mwingine, na hapo umbali kati ya mistari hubadilika badilika, kwa kuwa hakuna mkono wa binadamu unaokosea kwa kipimo kilekile usiku kucha. Mistari ya zulia hili ilijirudia kwa umbali unaokaribiana sana, pungufu kidogo ya upana wa mdomo wa mkono, kwenye safu zote. Chanzo chake kilikuwa kwenye chombo chenyewe.

Nilimwomba mmoja wa vijana ausimamishe mkono juu ya sakafu kavu ya saruji nje ya msikiti, afungue maji kwa kitambo kidogo sana, kisha auondoe. Doa lililobaki lilikuwa ushahidi tosha. Upande wa kulia kulikuwa na ukanda mfupi, mzito, uliolowa mpaka maji yakaanza kutembea. Upande wa kushoto kulikuwa na ukanda mrefu zaidi lakini mwepesi, wenye pengo karibu na katikati yake na mchirizi mmoja ulioruka kando. Mahali kanda hizo mbili zilipokutana, saruji ilikuwa karibu kavu, na pembeni kabisa kulia palikuwa na kipande ambacho hakikuguswa.

Nozeli zilipofunguliwa, ya kushoto ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, imechongwa namba 110015. Ya kulia ilikuwa ya plastiki ya buluu, namba 8003. Kijana aliyeiweka alieleza kwamba nozeli ya awali ilipotea wakati wa kusafisha, naye akaenda duka la pembejeo za kilimo, akapata hiyo miongoni mwa vipuri vya mabomba ya kunyunyizia dawa mashambani, akaijaribu, ikaingia kwenye kofia yake bila shida yoyote. Ni kweli kwamba inaingia. Nozeli nyingi za mikono ya mazulia ni za ukoo mmoja na za kilimo, na mtindo huo wa namba, ulioenezwa na kampuni ya Marekani ya Spraying Systems kwa jina la TeeJet, unatumika kwenye kazi zote mbili. Tarakimu za mwanzo ni pembe ya pazia la maji, hapa digrii 110 kwa moja na digrii 80 kwa nyingine. Tarakimu zinazofuata ni kiasi cha maji kwa galoni za Marekani kwa dakika, presha ikiwa pauni 40 kwa inchi ya mraba: 015 ni galoni 0.15, na 03 ni galoni 0.3. Hata rangi ina maana yake, kwa kuwa katika mpangilio wa kimataifa wa nozeli za kilimo kijani ni 015, njano ni 02 na buluu ni 03. Kijana yule alikuwa ameshika mkononi kipande kilichoandikwa wazi tofauti yake, ila hakuna aliyewahi kumfundisha kukisoma.

Tofauti ya kwanza ni ya wingi. Maji yanayotoka kwenye tundu huongezeka kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha presha. Kutoka pauni 40 hadi 200 presha imeongezeka mara tano, na maji yameongezeka mara 2.24 hivi. Nozeli ya 110015 ikiwa nzima ingetoa karibu lita 1.27 kwa dakika, na ile ya 8003 karibu lita 2.54, mara mbili kamili. Tulipoyakinga maji ya kila nozeli peke yake, ya kulia ilitoa kiasi hicho hicho cha lita mbili na nusu na zaidi kidogo, lakini ya kushoto haikufikisha hata mililita 900, maana ilikuwa imezibwa sehemu. Uwiano wa kweli basi ulikuwa karibu tatu kwa moja.

Tofauti ya pili ni ya upana, na hii ndiyo husahaulika. Upana wa pazia la maji hutokana na pembe pamoja na kimo cha nozeli. Kwa kimo cha sentimita 7, pembe ya digrii 110 hutandaza maji kwenye sentimita 20, na pembe ya digrii 80 huyatandaza kwenye sentimita 11.7 tu. Mkono huu ulibuniwa kwa nozeli mbili za digrii 110: kila moja ifunike sentimita 20, zipishane kwa sentimita 5 katikati, na zivuke kidogo kingo za mdomo kila upande. Kupishana huko si uharibifu wa maji. Pazia la nozeli ya kawaida huwa zito katikati na hupungua kuelekea pembeni, kwa hiyo mikia miwili myepesi inahitaji kulaliana ndipo ifikie uzito wa katikati. Zipo nozeli za aina nyingine, zinazotoa maji sawa kutoka ukingo hadi ukingo, ambazo wakulima hutumia kunyunyiza ukanda mmoja peke yake. Hizo zikipishanishwa huleta mstari mzito. Kwenye mkono wetu ile ya digrii 80 iliishia karibu pale ile ya digrii 110 ilipoishia, mkia kwa mkia, bila kulaliana kwa maana yoyote, na sentimita moja na nusu hivi za ukingo wa kulia zikabaki nje ya maji kabisa.

Ukiziweka tofauti hizo mbili pamoja, picha inakuwa kali kuliko namba yoyote ikisimama peke yake. Mkono ukivutwa kwa mwendo wa sentimita 30 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa fundi mtulivu, ukanda wa kulia ulipokea takriban lita 1.2 kwa kila mita ya mraba kwa mpito mmoja, na ukanda wa kushoto ulipokea kama robo lita. Hiyo ni tofauti ya mara tano kati ya vipande viwili vya zulia vilivyo chini ya mdomo mmoja, vinavyofyonzwa na mota ileile kwa muda uleule. Mwanya wa kufyonza hauna uwezo wa kujua kwamba upande mmoja umeloweshwa zaidi. Huvuta sawa, na pale palipomwagiwa zaidi hubaki zaidi.

Jambo lililowapoteza vijana hawa, nami nawaelewa, ni kwamba jumla ya maji haikuwa ya kutisha. Nozeli moja iliyozibwa na nyingine iliyozidi zilitoa pamoja karibu lita 3.4 kwa dakika, kiasi ambacho nozeli mbili nzima za 11002 zingekitoa kwa presha ileile. Geji ilionesha pauni 200, tangi lilikwisha kwa muda wa kawaida, na ndoo za maji machafu zilijaa kama siku zote. Vipimo vyote walivyovizoea vilikuwa vya jumla. Mgawanyo hauonekani kwenye kipimo cha jumla, na hii ndiyo sababu nasisitiza kupima kila nozeli peke yake.

Sasa tunaweza kuisoma mistari. Ukanda uliokosa maji ulibaki na uchafu wake, kwani dawa ya kutangulia ilikuwa imeyayeyusha mafuta lakini hapakuwa na maji ya kutosha kuyabeba. Huo ulionekana mweusi tangu asubuhi ya kwanza. Ukanda uliozidiwa na maji ulionekana safi, tena safi kupita majirani zake, kwa siku chache. Kisha ukaanza kupata rangi ya kahawia kwenye ncha za nyuzi. Maji mengi yalikuwa yamefika mgongoni mwa zulia, yakayeyusha vumbi na mabaki ya sabuni za zamani, na yalipokuwa yakikauka polepole kutoka juu yakavuta uchafu huo kupanda kwenye nyuzi, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Kamati iliona mistari miwili ya sababu mbili tofauti na kuidhani kuwa ni mmoja wa sababu moja, na ndiyo maana lawama iliangukia sabuni.

Kuhusu kuongeza presha usiku wa pili, hesabu inaonesha kwa nini hakukusaidia. Kutoka pauni 200 hadi 300 presha imeongezeka kwa nusu, lakini maji yameongezeka kwa asilimia 22 tu, na yameongezeka kwa uwiano uleule kwenye nozeli zote mbili. Ukanda mkavu ulipata tone zaidi, na ukanda uliokwisha kulowa ukapata zaidi ya lita tatu kwa dakika. Zaidi ya hapo, presha kubwa huyasaga maji kuwa matone madogo. Maji yaleyale yakigawanywa katika matone yenye nusu ya kipenyo, eneo la uso wake huwa mara mbili, na joto hutoroka kupitia uso huo kabla tone halijafika chini. Nozeli ya plastiki ya shambani imekusudiwa presha ya pauni 30 hadi 60. Kwa pauni 300 ilikuwa inatoa ukungu kwenye kingo zake, na ukungu unafika juu ya zulia ukiwa vuguvugu. Mwaka 1959 Mjerumani Herbert Sinner, aliyekuwa mkemia wa kampuni ya Henkel, alieleza usafishaji kwa mambo manne yanayofidiana: kemikali, joto, nguvu ya kusugua au kupiga, na muda. Ukipunguza moja huna budi kuongeza jingine. Kwa kuongeza presha kwenye nozeli isiyofaa, vijana walidhani wanaongeza nguvu, kumbe walikuwa wanatoa joto.

Lakini kwa nini nozeli ya kushoto iliziba? Hapa mazingira ya pwani yanaingia moja kwa moja. Visima vingi vya Mombasa vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake ni magumu, yaani yamebeba kalisi nyingi. Maji magumu yakipashwa moto huacha chokaa, kama kila anayechemsha maji ya kisima anavyoona ndani ya birika lake. Yakichanganywa na sabuni yenye alikali kali, chokaa hiyo huongezeka. Magamba madogo huachia kutoka kwenye hita, husafiri na maji, na hukwama mahali pembamba kuliko pote, ambapo ni tundu la nozeli. Chujio lililopaswa kukaa nyuma ya nozeli lilikuwa limetolewa zamani kwa sababu, kama nilivyoelezwa, lilikuwa linaziba mara kwa mara. Tundu likawa ndilo chujio. Kisha mtu akajaribu kulizibua kwa sindano ya cherehani, na sindano ikaacha mkwaruzo kwenye ukingo. Ukingo wa tundu ndio unaolichonga pazia la maji. Mkwaruzo usioonekana kwa macho ya haraka unatosha kurusha mchirizi pembeni, ule tuliouona juu ya saruji.

Kulikuwa na jambo la ziada ambalo sikulitarajia kuwa na uzito niliokuja kuupa. Wafanyakazi wawili walipokezana mkono, mmoja mrefu sana na mwingine wa kimo cha wastani, na mistari ilikuwa mikali zaidi kwenye safu alizopitia yule mrefu. Mkono wa aina hii huegemea kwenye mdomo wake, na nozeli zimefungwa mbele. Anayeushika juu zaidi huuinua mgongo wa bomba, pembe kati ya mdomo na zulia hubadilika, nozeli husogea, na pazia la maji hupiga mbali zaidi na mwanya. Muda wa maji kushuka kabla ya kufyonzwa huongezeka. Kwa nozeli zinazolingana badiliko hili lingeweza kusameheka. Kwa zile zilizokuwepo lilikuza kila kasoro. Watengenezaji wengine hufunika nozeli ndani ya kifuniko kilicho sambamba na mwanya, ili umbali usibadilike na joto lisitoroke, nami nauona ubunifu huo kuwa bora kwa kazi ya kupokezana, hata kama fundi hulalamika kwamba haoni tena maji yakitoka.

Katika kuchagua suluhisho tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kurudisha nozeli ya 110015 upande wa kulia na kubadilisha ile iliyokwaruzwa, yaani kuurudisha mkono katika hali ya kiwandani. Ya pili, iliyopendekezwa na muuzaji wa vifaa, ilikuwa kununua mkono mpya wenye nozeli sita ndogo zilizowekwa karibu kabisa na zulia. Mikono ya namna hiyo hugawanya maji vizuri mno, matone yake husafiri umbali mdogo na joto hubaki. Mahali penye maji laini ningeichagua bila kusita. Kwa maji ya kisima cha matumbawe siwezi kuipendekeza. Kugawanya maji yaleyale katika matundu sita kunalazimu kila tundu liwe dogo zaidi, na tundu dogo ndilo chokaa inalolitafuta. Fundi atakuwa na sehemu sita za kuziba badala ya mbili, na ikiziba moja kati ya sita ataichelewa kuiona.

Tulichukua njia ya tatu: nozeli mbili za 11002 za chuma kisichoshika kutu, kubwa kidogo kuliko za asili, huku presha ikishushwa hadi pauni 125. Kwa presha hiyo mbili hizo hutoa karibu lita 2.7 kwa dakika, kiasi kinachokaribiana na kile cha 110015 mbili kwa pauni 200, lakini kupitia matundu makubwa zaidi, na kwa matone makubwa yanayofika yakiwa na joto. Kuna gharama, nayo niliieleza kwa kamati na kwa vijana bila kuificha: mwendo wa maji yanapotoka kwenye tundu hushuka kutoka kama mita 52 kwa sekunde hadi kama mita 41, na nguvu ya kupiga nyuzi hupungua kwa karibu moja ya sita. Nguvu hiyo ilifidiwa kwa kuipa dawa ya kutangulia muda mrefu zaidi na kulisugua zulia kwa brashi kabla ya kupitisha mkono, hasa karibu na mlango wa udhu na kwenye mstari wa kusujudia wa safu ya mbele. Nyuzi za polipropilini hustahimili msuguano huo. Kwa zulia la sufu ningefanya hesabu upya.

Chujio lilirudishwa nyuma ya kila nozeli, na jingine kubwa likawekwa kwenye mpira unaoingiza maji kwenye tangi, ili yale madogo yasizibe haraka kama zamani. Nozeli zilipofungwa, nilihakikisha mapazia yote mawili yako sambamba na mwanya, isipokuwa kwamba kila moja lilizungushwa kidogo sana kwa upande uleule, ili kingo zake zipishane bila kugongana hewani. Mapazia yakigongana, matone huungana na kuanguka kama mstari mzito katikati. Kwa kuzibua, kanuni ikawa kuloweka nozeli ndani ya siki mpaka chokaa iache kutoa mapovu, kisha kupiga kwa mswaki laini. Sindano zilipigwa marufuku.

Zulia lilisafishwa tena kwa mpito mmoja wa maji na mipito miwili mikavu, yaani ya kufyonza tu, kila mpito ukilalia uliotangulia kwa sentimita 5. Kabla ya kuanza, doa la majaribio juu ya saruji lilikuwa ukanda mmoja usio na pengo. Alfajiri zulia lilikuwa na ubaridi wa unyevu lakini halikulowesha kanzu ya mtu. Mistari myeusi ilitoweka mara moja. Ile ya kahawia haikutoka yote: kwenye safu mbili zilizopigwa maji mengi zaidi usiku wa presha kubwa, rangi ilirudi hafifu baada ya siku chache, na ilibidi zipitiwe kwa maji yenye asidi dhaifu na kukandamizwa kwa taulo kavu ili uchafu uliobaki mgongoni uhamie kwenye taulo badala ya kubaki kwenye nyuzi. Kipande kilicho mlangoni mwa udhu bado kina kivuli, na sidhani nozeli yoyote itakiondoa, kwa kuwa hapo nyuzi zenyewe zimechakaa na hurudisha mwanga vibaya.

Vijana sasa hukinga maji ya kila nozeli kwa dakika moja kabla ya kazi na kuandika kiasi kwenye daftari. Kikomo tulichokubaliana ni kilekile wanachotumia wakulima wengi: nozeli ikitoa zaidi ya asilimia 10 juu ya kiwango chake cha upya, imeliwa na inabadilishwa, ikipungua, inalowekwa kwenye siki. Kwenye sanduku la mashine wana nozeli mbili za akiba, zote 11002.